Seva ya Akiba Isiyojaribiwa ni Pambo: Swali la Kuuliza Kaunti Zetu Kabla ya Bajeti

Neno seva liliingia vinywani mwa Wakenya kupitia siasa. Mwaka wa 2017, Mahakama ya Juu ilipokuwa ikisikiliza kesi ya uchaguzi wa urais, iliagiza mitambo ya tume ya uchaguzi ichunguzwe. Tangu siku hiyo "fungua seva" ikawa kauli ya mikutano ya hadhara, ya vibarazani na hata ya harusini. Tulitaka kujua seva ina nini ndani. Kuna swali jingine ambalo hatujaliuliza kwa sauti ile ile: seva ikizima, nani anashika zamu?

Si swali la mafundi peke yao. Leo pasipoti, cheti cha kuzaliwa, leseni ya udereva, ada ya maegesho, kibali cha duka na usajili wa mgonjwa hospitalini vyote vinapita kwenye mtambo. Katikati ya mwaka wa 2023 serikali kuu ilitangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa kwenye jukwaa la eCitizen. Kaunti nazo zimefuata njia hiyo kwa ukusanyaji wa ushuru na kumbukumbu za wagonjwa. Mimi sipingi hatua hiyo. Mwenye kukumbuka foleni na bahasha za zamani hawezi kuipinga. Ila milango mingi ikishafungwa na kubaki mmoja, mlango huo ukikwama mji mzima unabaki nje. Na jibu tunalopewa dirishani siku hizo ni moja tu: "Sistimu iko chini." Likishatamkwa, hakuna wa kuulizwa.

Hoja yangu ni fupi. Kununua seva mbili hakutoshi. Akiba inahesabika kuwa akiba pale tu ya kwanza ilipozimwa makusudi, mchana, wahusika wakiangalia, na ya pili ikaendelea na kazi. Isiyowahi kujaribiwa hivyo ni pambo lililonunuliwa kwa pesa za umma.

Tutazame yaliyotupata. Julai 27, 2023 serikali ilithibitisha kuwa eCitizen imeshambuliwa, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likasema ndilo lililofanya hivyo. Wageni waliokuwa wakingoja viza za mtandaoni ikabidi wapewe viza wanapowasili. Siku hizo hizo tikiti za treni ya Mombasa na Nairobi zilisumbua, na wananchi wakalalamika kuhusu tokeni za umeme na malipo ya simu. Mwezi haujaisha vizuri, Agosti 25 umeme ukakatika nchi nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, wenye jenereta zake, ukaingia giza kwa saa kadhaa kwa sababu jenereta iliyotarajiwa kuokoa jahazi haikuwaka ilipohitajika. Waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akaondolewa kazini.

Visa hivi viwili havifanani, na tofauti yake ina faida kwetu. Cha uwanja wa ndege ndicho hasa ninachokizungumzia: akiba ilikuwepo, imelipiwa, na haikufanya kazi saa iliyohitajika. Cha eCitizen ni mashambulizi ya kumiminia mtambo maombi bandia mengi mpaka wateja wa kweli wakose nafasi. Hapo kuongeza seva ya pili nyuma ya mlango ule ule hakusaidii sana, maana mafuriko yataifuata. Panahitajika kinga nyingine ya kuchuja maombi hayo kabla hayajafika. Basi tusidanganywe kuwa akiba ni dawa ya kila ugonjwa. Ina ugonjwa wake.

Kisa cha tatu kilitokea baharini. Jumapili, Mei 12, 2024, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kaskazini mwa Durban. Tanzania, Kenya na majirani wengine wakapata intaneti ya kukokota. Miezi michache nyuma, Februari, nyaya kadhaa zilikuwa zimeharibika Bahari ya Shamu, na Seacom ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo waya uliokuwa na njia ya kaskazini na ya kusini ulikuwa tayari umepoteza moja, na iliyobaki ikafuata. Sisi hatukuzimika kabisa, kwa kuwa Mombasa ina nyaya nyingine, ikiwemo TEAMS inayokwenda Fujairah. Nayo TEAMS si ya chuma cha pua. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri zamu ya kuingia bandari yetu iliikata kwa nanga, siku chache tu baada ya nyaya nyingine kukatika Bahari ya Shamu.

Somo la bahari ni kwamba kuhesabu nyaya hakutoshi. Ni lazima kuuliza zinapita wapi.

Mtu wa Likoni hahitaji mhandisi kumweleza jambo hili. Kwa miaka mingi tulidhani shida ya kivuko ni uchache wa feri, tukaomba ziongezwe, na zikaongezwa. Lakini meli kubwa ikiingia Kilindini, feri zote husimama pamoja, ziwe mbili au ziwe tano, kwa sababu zote zinakatiza mkondo mmoja. Wingi wa feri unapunguza foleni na unaokoa feri moja ikiharibika. Hauokoi mkondo ukifungwa. Njia ya pili ya kweli ya kwenda Kusini ilikuja ilipofunguliwa barabara ya Dongo Kundu, kwa sababu inazunguka mahali pengine kabisa.

Hesabu nayo inasema hivyo hivyo. Seva inayofanya kazi asilimia 99 ya muda inaonekana nzuri kwenye karatasi, ila maana yake ni kuzima zaidi ya siku tatu na nusu kwa mwaka. Ukiwa na mbili za namna hiyo, kila moja ikianguka kwa sababu zake yenyewe, muda wa zote mbili kuwa chini pamoja unashuka mpaka dakika 53 hivi kwa mwaka mzima. Ni faida kubwa mno. Lakini ina sharti: kila moja ianguke kwa sababu zake. Ukiziweka katika chumba kimoja, chini ya kiyoyozi kimoja, kwenye waya mmoja wa umeme na faiba moja ya kampuni moja inayopita mtaro mmoja, hesabu hiyo inafutika. Fundi wa barabara akipitisha jembe kwenye mtaro ule, umepoteza zote mbili kwa pigo moja. Hizo ni feri mbili katika mkondo mmoja.

Sasa tuje kwenye kupokezana zamu kwenyewe. Mfano nilio nao si wa kompyuta, ni wa msikitini. Katika swala ya jamaa, imamu akitokwa na udhu au akipatwa na dharura, humsogeza aliye nyuma yake, na swala ikaendelea. Wanazuoni wanaiita istikhlafu. Sayyidna Umar (r.a.) alipochomwa kisu akiswalisha alfajiri pale Madina, mwaka wa 23 Hijria, alimshika mkono Abdurrahman bin Auf akamtanguliza mbele, na swala ikamalizwa.

Tazama yaliyofanya jambo hilo liwezekane. Aliyetangulizwa alikuwa anaijua kazi, na ndiyo maana tumefundishwa wenye elimu wasimame karibu na imamu. Alikuwa ndani ya swala tangu awali, kwa hiyo alijua wamefika wapi. Alikuwa karibu, anasikia na kuona kilichompata imamu. Na maamuma hawakuambiwa wahamie msikiti mwingine. Walibaki kwenye safu zao wakielekea kibla kile kile.

Mitambo mizuri hupangwa hivyo hivyo. Seva ya akiba hupokea nakala ya kila kinachoandikwa kwenye seva kuu, ili ijue wamefika wapi. Seva hizo mbili hutumiana ishara fupi kila baada ya sekunde moja au mbili, mithili ya mapigo ya moyo. Ya akiba ikikosa mapigo kadhaa mfululizo, inaichukua anwani ile ile waliyokuwa wakiitumia wateja na kuendelea na kazi. Karani aliye dirishani anaona mtambo umesita kidogo, kisha unaendelea. Hapigi simu kwa mtu, habadilishi chochote.

Kuna hatari moja hapo ambayo wengi huisahau, na wahenga wetu wa Pwani waliitaja kabla ya kompyuta: manahodha wengi chombo huenda mrama. Tuseme waya unaounganisha seva hizo mbili umekatika, na zote mbili ziko hai. Kila moja haisikii mapigo ya mwenzake, kila moja itadhani mwenzake amekufa, na zote zitashika usukani. Hapo utapata risiti mbili zenye nambari moja, au mgonjwa mmoja mwenye kumbukumbu mbili zinazopingana, moja ikisema kapewa dawa na nyingine ikisema hajapewa. Kuzisuluhisha baadaye ni kazi ya wiki nzima. Dawa yake ni shahidi wa tatu, yaani mashine ndogo iliyowekwa mahali pengine na yenye kura yake. Anayepata kura mbili kati ya tatu ndiye nahodha, na asiyepata hujizuia mwenyewe. Ni kifaa cha bei ndogo, na kukikosa kunaharibu mpango wote.

Jambo jingine linalochanganywa ni seva ya akiba na nakala ya akiba. Ya kwanza inaendeleza kazi sasa hivi. Ya pili inahifadhi yaliyopita. Kwa kuwa seva ya akiba inaiga kila kitu papo hapo, inaiga na makosa. Karani akifuta daftari la wagonjwa kimakosa, au mhalifu akiyafunga mafaili yote ili adai kikombozi, seva ya pili itapokea balaa hilo hilo ndani ya sekunde. Hapo utaokolewa na nakala ya jana iliyowekwa kando, isiyoguswa na mtandao ule.

Na nakala nazo zinahitaji kujaribiwa. Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwahifadhia wataalamu wa programu kazi zao, ilipoteza kumbukumbu za saa sita hivi baada ya mhandisi kufuta data kwenye seva isiyokusudiwa. Walikuwa na njia kadhaa za kuhifadhi nakala. Walipozigeukia wakakuta hazikuwa zikifanya kazi kama walivyoamini. Heshima yao ni kwamba walieleza yote hadharani.

Kubwa zaidi ni la Korea Kusini, nchi inayosifiwa duniani kwa serikali ya kidijitali. Septemba 26, 2025 betri zilishika moto katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon. Mifumo zaidi ya 600 ya serikali ikasimama. Hifadhi ya pamoja ya mafaili ya watumishi wa umma, yenye ukubwa wa terabaiti 858, ikateketea, na haikuwa na nakala mahali pengine. Ikiwa nchi yenye fedha na wataalamu kiasi hicho imepatwa na hili, kaunti zetu haziwezi kusema kwamba kwa kuwa zimeshanunua vifaa basi ziko salama.

Wakubwa wa kaunti watasema, na nimeshawahi kuyasikia katika vikao vya maoni ya umma, kwamba hospitali hazina hata glavu, basi pesa za seva mbili zitoke wapi? Ni hoja yenye uzito, na anayeipuuza hajaingia wadi zetu. Jibu langu ni kwamba hakuna anayetaka kila kitu kiwekewe akiba. Yapangwe kwa daraja, kwa maswali mawili. Tunaweza kukaa muda gani bila huduma hii? Na tunaweza kupoteza kumbukumbu za muda gani bila mtu kudhurika?

Kwa chumba cha dharura, maabara, duka la dawa na wodi ya wazazi, majibu ni dakika chache kwa yote mawili. Ada ya maegesho inaweza kusubiri saa mbili. Kaunti itapoteza mapato kiasi, na mwenye gari atashukuru Mungu. Tovuti ya kaunti yenye picha za gavana akikata utepe inaweza kuzima siku mbili na hakuna atakayekufa. Ukishapanga hivyo, vinavyohitaji ulinzi mkali vinabaki vichache, na gharama inashuka. Mara nyingi kinachohitajika ni seva mbili za kawaida badala ya moja ya kifahari, faiba kutoka kampuni mbili zinazopita njia mbalimbali, betri na jenereta zinazowashwa kila wiki, na nakala inayolala katika mji mwingine. Mombasa yenyewe ina vituo vya data vya kukodisha, na kituo cha kitaifa kipo Konza.

Kuna na gharama ya kutofanya, ambayo haiandikwi popote. Mawakala wa forodha wa Mombasa wanaijua vizuri. Enzi za mfumo wa forodha uliojulikana kama Simba walilalamika mara nyingi kwamba mtambo ukilala, mizigo inalala bandarini na ada za kuhifadhi kontena zinaendelea kuhesabiwa. Hasara ya mtambo inabebwa na aliye mbele ya dirisha, si aliye nyuma yake. Oktoba 2024, bima mpya ya afya ya SHA ilipoanza, tuliona tena mtambo ukisumbua na wagonjwa, wakiwemo wa kusafishwa figo, wakisubiri au wakilipa kutoka mifukoni mwao.

Fikiria mama aliyetoka Faza kwa boti, nauli amekopa na maji yanakupwa, anafika hospitali ya kaunti anaambiwa arudi kesho. Kwa mtu wa mjini kesho ni usumbufu. Kwa mtu wa visiwani kesho ni nauli nyingine, usiku mwingine ugenini, na huenda ni maradhi yaliyozidi.

Ndiyo sababu napendekeza maswali, na yaulizwe sasa. Sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafikishwe bungeni kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kwenye vikao vya maoni ya umma huwa tunauliza barabara, maji na karo. Tuongeze haya.

Mara ya mwisho seva kuu ya hospitali ilizimwa makusudi ili kujaribu ya akiba ni lini, na ilichukua dakika ngapi huduma kurudi? Mkitaja tarehe, mwonyeshe na ripoti.

Seva kuu na ya akiba zinatumia kitu gani kimoja: chumba, umeme, faiba, au fundi? Fundi nimemtaja kwa sababu yapo maofisi ambako nywila zote ziko kichwani mwa kijana mmoja wa mkataba. Akienda likizo Eldoret, kaunti nzima imekwenda likizo. Naye anahitaji wa nyuma yake, anayejua wamefika rakaa ya ngapi.

Nakala ya mwisho iliyorejeshwa na kusomeka, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ni ya lini? Kuhifadhi kila usiku ni nusu ya kazi, kurejesha ni nusu ya pili.

Mtambo ukilala na akiba nayo ikalala, nani ana mamlaka ya kusema "turudi kwenye daftari"? Fomu za karatasi ziko wapi, na baadaye nani anaziingiza kwenye mtambo? Hospitali haipaswi kumrudisha mgonjwa nyumbani kwa sababu ya kompyuta ilhali kalamu zipo.

Na kwenye zabuni, je, mkandarasi amefungwa kufanya majaribio hayo mara mbili kwa mwaka ndipo alipwe? Zabuni huorodhesha vifaa kwa sababu vifaa vinahesabika na kupigwa picha. Jaribio halipigwi picha, kwa hivyo halimo. Tulitake limo.

Kaunti isipojibu, Katiba katika Kifungu cha 35 inatupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la mwananchi. Ombi la barua moja halihitaji wakili. Vikundi vya vijana, kamati za hospitali na wazee wa mitaa wanaweza kuliandika. Siri za usalama wa mtambo zibaki siri. Tarehe ya jaribio na matokeo yake si siri.

Wapo watakaosema haya yote ni kadari, umeme ni wa Mungu na bahari ni ya Mungu. Ni kweli. Lakini sote tunakijua kisa cha bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake, akaelekezwa amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Tawakali huja baada ya kamba. Na kamba nayo huvutwa kidogo kwanza, ijulikane kama imeshika.

Mwakilishi wako wa wadi akija msimu huu wa bajeti, muulize tarehe ya jaribio la mwisho. Akikwambia seva ya pili imeshanunuliwa, mshukuru, kisha urudie swali.